Kimya Kina Mwenyewe

Katika picha za majaruba ya Fukushima hakuna mpunga. Kuna magunia meusi makubwa, kila moja limebeba takribani meta moja ya ujazo, yamepangwa safu juu ya safu hadi pale milima inapoanzia, yamefunikwa kwa maturubai ya kijani, na juu ya maturubai yamechomoza mabomba membamba ya kutolea gesi. Ndani ya magunia mna udongo. Baada ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, Japani, kuharibika mwezi Machi 2011, vibarua waliingia vijijini wakakwangua uso wa ardhi, sentimita tano hivi za juu, shamba kwa shamba, uwanja wa shule kwa uwanja wa shule. Wakaosha mapaa, wakapogoa miti, wakazoa majani ya msituni yaliyokuwa pembezoni mwa nyumba, na yote hayo wakayatia magunia. Mkulima yeyote anajua sentimita tano zile ni nini. Ni samadi ya babu, ni makapi na majivu ya mavuno yasiyo na idadi, ni ile sehemu ya nchi ambayo mtu ameifanya kwa mikono yake na kuwaachia wanawe. Chini yake kuna ardhi tu, ile iliyokuwepo kabla ya watu. Kilichofungwa kwenye magunia, basi, kilikuwa jasho la vizazi, nacho kikapewa nambari na kuitwa taka.

Seziamu, elementi yenye mionzi iliyovuja mtamboni na kuuangukia udongo ule, haiuawi. Ukiosha paa inateremka na maji, ukichoma majani inabaki kwenye majivu, ukikwangua shamba inakwenda na gunia. Kila tendo la kuisafisha ni tendo la kuihamisha. Kinachoipunguza ni muda peke yake, na muda hauna haraka: seziamu-137 huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu, na 30 mingine kupungua nusu ya nusu hiyo. Malori yamekwisha kuyatoa magunia mengi vijijini na kuyapeleka kwenye hifadhi ya muda iliyouzunguka mtambo wenyewe, katika miji ya Okuma na Futaba, ambako udongo uliokusanywa umefikia meta za ujazo kama milioni 14. Sheria ya Japani imeahidi kwamba ifikapo Machi 2045 udongo huo utakuwa umeondolewa katika mkoa wa Fukushima na kupelekwa kwingine. Kwingine huko ni wapi, sheria haikusema. Na kila nikizitazama picha zile, mawazo yangu hukaa zaidi kwenye neno hilo lisilosemwa kuliko kwenye magunia yanayoonekana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Walikuwa wakisema juu ya watu, lakini nimekuja kuamini kwamba usemi huo unazihusu sheria pia, na mashine, na hata lugha tunazozitunga kwa ajili ya mashine.

Nasema hivyo kwa sababu riziki yangu imetokana na kugeuza nyaraka. Mswada unakuja ukiwa umewekewa tagi za XML, zile zinazosema hiki ni kichwa cha sura, hii ni aya, hii ni tanbihi, hili ni jina la mahali; na kazi ni kuutoa upande wa pili ukiwa kitabu cha kuchapwa, au ukurasa wa kusomwa kwenye simu. Kuna lugha iliyotungwa mahususi kwa kazi hiyo. Inaitwa XSLT, na toleo lake la kwanza liliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 16 Novemba 1999, mhariri wake akiwa James Clark. Ndani ya lugha hiyo huandiki mfululizo wa amri. Unaandika kanuni: ukikuta tanbihi, fanya hivi; ukikuta kichwa, fanya vile. Halafu unauachia waraka upite katikati ya kanuni zako, tawi kwa tawi, mpaka mwisho. Najua umbali uliopo kati ya jambo hili na lile. Aya iliyopotea kitabuni si kijiji kilichohamwa, na mtu aliyekesha akitafuta kosa katika faili hajafiwa na mtu. Siyaweki mambo haya mawili kwenye mizani moja. Nayaweka karibu kwa sababu ya swali moja ambalo nililifahamu kwanza kwenye nyaraka, nikalikuta tena limesimama katikati ya vinu vya nyuklia: kinatokea nini pale ambapo hakuna mtu aliyesema kitu?

Nianze kwa haki, kwa sababu lugha hii ina uadilifu ambao nimeupenda. Haiugusi waraka wa asili. Unaweza kuandika kanuni mbovu usiku kucha, na asubuhi mswada wa mwandishi utaukuta vilevile ulivyokuwa. Kilichoharibika ni ule ulioutengeneza wewe. Thamani ukishaipa jina haibadiliki tena mpaka kazi iishe, na ukitaka nyingine huna budi kuizalisha upya mahali pengine. Wengi wameilalamikia tabia hiyo, wakiona wamefungwa mikono. Mimi naona ndani yake kuna kuheshimu ukweli wa mambo, kwamba kilichotokea kimetokea. Maji yakimwagika hayazoleki. Ingekuwa lugha zote tunazotumia kusema na mitambo zina adabu hiyo, pengine tungekuwa na vumbi pungufu la kujutia.

Lakini uadilifu huo umevishwa vazi zito. Waliotunga XSLT waliamua kwamba lugha ya kugeuza XML nayo iandikwe kwa XML, ili faili la kanuni liwe waraka kama nyaraka nyingine, liweze lenyewe kusomwa na kugeuzwa. Wazo ni zuri ukiliangalia kutoka juu. Ukilishukia kwenye kazi ya kila siku, jambo ambalo lugha nyingine ingelisema kwa mstari mmoja linahitaji mistari sita ya mabano ya pembe yanayofunguliwa na kufungwa, na jicho lililochoka halioni tena kanuni ila msitu wa tagi. Alama ya kusema kitu hiki ni kidogo kuliko kile haikubaliki waziwazi, kwa kuwa mabano ya pembe yamekwisha kuichukua. Huna budi kuiandika kwa alama nne badala ya moja. Haya ni mateso madogo. Mtu huyazoea, kama anavyozoea kiatu kinachobana. Nisiloweza kulizoea ni jambo jingine, ambalo halipo kwenye mistari uliyoiandika bali kwenye ile ambayo hukuiandika.

Chukua faili la kanuni lisilo na kanuni hata moja. Lipe waraka wowote. Utadhani hutapata kitu, au utaambiwa kwamba hakuna ulichoagiza. Hapana. Maandishi yote ya waraka yatamwagika upande wa pili, maneno matupu, yamevuliwa kila tagi iliyoyaeleza. Kwa sababu watungaji waliweka kanuni zao wenyewe chini ya zako, zisizoonekana: mahali ambapo mtumiaji hakusema kitu, ingia ndani zaidi, na ukifika kwenye maneno, yanakili. Naielewa huruma iliyowafanya waamue hivyo. Walikuwa wakifikiria vitabu, na kwa mtu wa vitabu ni afadhali neno lifike bila pambo kuliko lisifike kabisa. Ila sasa fikiria kijitabu cha dawa, ambamo mwandishi amezifunga sentensi tatu ndani ya tagi inayosema kwamba hili ni onyo. Kanuni ya onyo ikikosekana, sentensi zile tatu hazipotei. Zinapita. Zinakwenda kukaa katikati ya aya ya maelezo, kwa wino uleule na ukubwa uleule, na msomaji anazipitia kama anavyopitia anwani ya kiwanda. Kila neno limefika salama, na onyo limekufa njiani.

Upo na ukimya mwingine, wa upande wa pili. Ukiitafuta tanbihi na ukadondosha herufi moja, lugha haikwambii kwamba hakuna kitu chenye jina hilo. Inakupa seti tupu na kuendelea na safari. Waraka ukiwa umetangaza juu kabisa ukoo wa tagi zake, mstari mmoja ambao hakuna anayeusoma, basi kila kanuni uliyoiandika kwa majina yaleyale unayoyaona kwa macho inaacha kulingana na chochote, na hakuna kengele inayolia. Kanuni mbili zikigombea sehemu moja kwa nguvu sawa, toleo lile la kwanza liliita jambo hilo kosa, halafu palepale likairuhusu mashine isilitaje kosa hilo, ichukue kanuni iliyoandikwa mwisho na kuendelea. Kosa lililoruhusiwa kunyamaza! Nimekaa na sentensi hiyo ya kisheria muda mrefu. Haikuandikwa na watu wazembe. Iliandikwa na watu waangalifu, kwenye meza moja, wakitafuta mapatano, na kwenye mapatano kimya ndicho kinachokubaliwa na wote.

Sasa twende Pennsylvania, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri. Katika kinu namba 2 cha mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island pampu zinazopeleka maji kwenye majenereta ya mvuke zilisimama, joto na shinikizo vikapanda, na vali ya kupunguzia shinikizo ikafunguka kama ilivyopaswa. Shinikizo liliposhuka, vali ilipaswa kujifunga. Ikakwama wazi. Kwenye jopo la chumba cha udhibiti palikuwa na taa iliyohusu vali ile, na taa ikazima, na waendesha mitambo wakaamini kwamba vali imefungwa. Taa haikuunganishwa na vali yenyewe. Ilichokijua ni kwamba amri ya kufunga imetumwa, kwamba umeme umekatwa kwenye sumaku inayoishikilia vali. Kama chuma kilitii au hakikutii, taa haikuwa na njia ya kujua, na aliyeichora hakuipa njia. Kwa muda wa saa mbili na zaidi maji ya kupooza kiini yalitoka kupitia tundu ambalo chumba kizima kilidhani limezibwa. Dalili ya mvua ni mawingu, naam. Lakini taa ile ilikuwa dalili ya mtu aliyesema mvua inyeshe.

Katika dakika za mwanzo zililia kengele zaidi ya 100 kwa pamoja, za jambo kubwa na za jambo dogo, na hapakuwa na namna ya kuzinyamazisha zisizo na maana ili zenye maana zisikike. Kompyuta ilikuwa ikichapa tahadhari kwenye karatasi, moja baada ya nyingine kwa foleni, mpaka printa ikabaki nyuma ya matukio kwa zaidi ya saa mbili. Kila neno lilikuwa likifika, kwa wino uleule na ukubwa uleule. Siwezi kuisoma habari hiyo bila kuona zile sentensi tatu za kijitabu cha dawa.

Rais Carter aliunda tume ya kuchunguza, na mtu aliyemchagua kuiongoza ndiye anayenifanya niamini kwamba mambo haya mawili yalikuwa jirani kabla yangu. John Kemeny alizaliwa Budapest mwaka 1926, na familia yake ikakimbilia Marekani mwaka 1940. Akiwa kijana alipiga hesabu huko Los Alamos, bomu la atomiki lilipokuwa likitengenezwa. Baadaye akawa msaidizi wa Einstein huko Princeton. Kisha akaenda Chuo cha Dartmouth kufundisha hisabati, na huko, yeye na mwenzake Thomas Kurtz, wakatunga lugha ya programu iliyoitwa BASIC. Programu zake za kwanza ziliendeshwa tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, saa ileile ambayo miaka 15 baadaye vali ingekwama. Hawakuitunga kwa ajili ya mafundi. Waliitunga kwa ajili ya wanafunzi wa fasihi na historia, watu ambao hawakuwa na sababu ya kuipenda kompyuta, na moja ya nguzo walizojiwekea ni kwamba mashine imjibu aliyekosea kwa ujumbe ulio wazi na wenye upole. Yaani walikaa wakamfikiria mtu ambaye hayupo chumbani: mgeni, mchovu, aliyeandika vibaya. Wakajiuliza mashine itamwambia nini saa hiyo.

Sina haja ya kukisia alichokiwaza Kemeny alipoonyeshwa taa ile. Ripoti ya tume yake, iliyotoka Oktoba 1979, inatosha. Ilisema kwamba tatizo la msingi lilikuwa la watu wala si la vyuma, na kwa watu haikuwa na maana ya wale wanne watano waliokuwa zamu alfajiri ile tu. Ilikuwa na maana ya waliowafundisha, waliowaandikia taratibu, waliowapangia jopo lenye taa mamia. Ilikuwa na maana ya wale waliojua kwamba vali ya aina hiyohiyo ilikwama wazi katika mtambo wa Davis-Besse, Ohio, mwaka 1977, na habari hiyo haikufika Three Mile Island ikiwa na sauti ya onyo. Ilifia njiani, katika makaratasi. Tume ilitaja fikra iliyotawala tasnia nzima, kwamba vinu vimekwisha kuwa salama vya kutosha. Na mtu mwenye fikra hiyo haoni sababu ya kuandika kanuni kwa ajili ya jambo ambalo halitatokea.

Huko Pennsylvania watu walichelewa hata kujua walichokifanya. Mwaka 1982, miaka mitatu baada ya ajali, kamera ndogo ilishushwa ndani ya kinu, na mahali ambapo palitarajiwa fito za fueli zilizosimama pakaonekana pengo, na chini ya pengo kifusi. Karibu nusu ya kiini ilikuwa imeyeyuka. Fueli iliendelea kutolewa hadi mwaka 1990. Katika kipindi hicho Marekani iliamuru kwamba vali za aina ile ziwe na kipimo kinachoonyesha hali ya vali yenyewe, si hali ya amri, na hilo lilikuwa jema na lilifanywa. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba kinu jirani, namba 1, kilichofungwa mwaka 2019, kitafufuliwa ili kutoa umeme kwa ajili ya kompyuta za Microsoft. Hivyo kinu na kompyuta vimekubaliana kuishi tena nyumba moja, na sijui kama kuna aliyesoma ripoti ya Kemeny kwa sauti siku ya kutia sahihi.

Taa moja ilisahihishwa. Ukimya ukahamia kwingine. Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya 9.0, na chini ya saa moja baadaye bahari ikaupanda mtambo wa Fukushima Daiichi. Jenereta nyingi za dharura zilikuwa vyumba vya chini. Katika kinu namba 1 zilizama hata betri. Kinu hicho kilikuwa na chombo kizuri cha zamani, kipoozeo kinachogeuza mvuke kuwa maji na kuyarudisha kwenye kiini kwa uzito wake tu, bila pampu. Chombo kinachoweza kufanya kazi bila umeme, siku ambayo umeme umekosekana! Lakini mabomba yake yanatoka nje ya ukuta wa hifadhi, na wabunifu waliogopa kwamba bomba likipasuka, mvuke wenye mionzi utavuja. Wakaweka saketi ya kugundua mpasuko, na kwa uangalifu wakaamua kwamba saketi hiyo ikikosa umeme ichukulie kuwa bomba limepasuka, ifunge vali. Umeme wa betri ulipokatika, hakuna bomba lililokuwa limepasuka. Hakuna mtu aliyeamuru chochote. Saketi ilisikia kimya, ikakifasiri kama ilivyofundishwa miongo minne kabla, ikatuma amri ya kufunga. Taa zote zilikuwa zimezima, na chumbani humo watu walikaa saa nyingi bila kujua kama kipoozeo kinafanya kazi au la. Walichomoa betri za magari kutoka kwenye maegesho ili waamshe vipimo, na kipimo cha maji kilipoamka kikawaambia kwamba fueli bado imezamishwa, jambo ambalo halikuwa kweli. Kesho yake alasiri jengo la kinu hicho likalipuka kwa hidrojeni.

Naomba nieleweke vizuri. Yule aliyeamua kwamba ukosefu wa umeme maana yake ni bomba lililopasuka hakuwa mjinga wala mwovu. Alikuwa akiwakinga watu. Ukimkalisha peke yake na mchoro wake, uamuzi wake unasimama. Kadhalika yule aliyeamua kwamba maneno yasiyo na kanuni yanakiliwe alikuwa akiyakinga maneno. Haiwezekani kujenga kitu bila kuamua kitafanya nini kisipoambiwa kitu. Hata kusimama tu ni uamuzi. Ninachokidai ni kwamba uamuzi huo ndio ulio mzito kuliko yote, kwa kuwa hufanya kazi saa ambayo mtu mwingine hawezi kufanya kazi, na ndio unaofanywa kwa wepesi kuliko yote, mwishoni mwa kikao, kwa maneno machache katika ukurasa ambao mtumiaji hataufungua.

Kisha kuna watu wa Namie. Mji huo upo kaskazini mwa mtambo, na asubuhi ya tarehe 12 Machi maelfu ya wakazi wake walipanda kuelekea Tsushima, eneo la milimani la mji huohuo, wakiamini kwamba umbali ni usalama. Walipika pamoja, watoto walicheza nje. Lakini upepo ulikwenda kaskazini magharibi, na theluji na mvua vikayashusha yale uliyoyabeba juu ya vilima hivyohivyo. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta, SPEEDI, uliojengwa kwa ajili ya hilo hasa, kukadiria wingu la mionzi litaelekea wapi, na katika siku zile ulikuwa ukipiga hesabu. Ramani zake hazikuwafikia watu wa Namie. Wakuu walisita, kwa kuwa kiasi halisi kilichovuja hakikupimwa, na ramani isiyokamilika waliiona haifai kutolewa. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, ila hapa hata kuficha si neno linalotosha. Habari ilikuwepo, katika umbo ambalo hakuna aliyeona kuwa ni jukumu lake kuligeuza liwe sentensi moja ambayo mama mwenye sufuria ya mchele kule Tsushima angeielewa: msikae hapa. Hiyo ni kazi yangu, kugeuza umbo la habari ili imfikie asomaye, na sijawahi kukutana na mfano unaonitia uchungu kama huo. Tume ya bunge la Japani, chini ya Kiyoshi Kurokawa, ilisema mwaka 2012 kwamba maafa yale yalifanywa na binadamu. Nadhani walikuwa na maana ya mambo kama hayo pia, yale ambayo binadamu hakuyafanya.

Lugha niliyoianza nayo imeendelea kukua. Toleo la pili lilitoka mwaka 2007, la tatu mwaka 2017, na mhariri wa yote mawili, Michael Kay, pamoja na wenzake walizisikia kelele za watumiaji. Katika toleo la tatu unaweza kutamka wazi unachotaka kifanyike pale kanuni inapokosekana: nakili, ruka, au simama na useme kuna kosa. Nilipoiona nafasi hiyo ya kusimama, miaka 18 baada ya toleo la kwanza, nilifurahi kwa furaha ambayo asiyefanya kazi hii angeishangaa. Lakini usipotamka kitu, lugha inafanya kama ilivyofanya mwaka 1999. Maneno yanamwagika. Vivinjari vya intaneti havikulipokea hata toleo la pili. Vilibaki kwenye lile la kwanza, na mwaka 2025 Google wakatangaza nia ya kuiondoa XSLT kabisa katika Chrome. Kitu kilichoachwa bila matunzo, kinapogeuka hatari, njia nyepesi ni kukiondoa. Nyaraka zilizokitegemea zitatafuta mahali pa kwenda. Kwingine.

Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo tunaitumia mtu anapokosa chakula cha shughuli, nayo inanijia kila nikiwaza meza ambazo mambo haya huamuliwa. Mwendesha mitambo wa zamu ya alfajiri hakuwepo taa ilipochorwa. Watu wa Tsushima hawakuwepo ilipoamuliwa kwamba ramani isiyokamilika si ramani. Vijana wa 2045 hawakuwepo ilipoandikwa kwingine. Na swali hili si la ng'ambo peke yake. Kule Uyombo, kaunti ya Kilifi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke na bahari ya Watamu, serikali ya Kenya ilipanga kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, na mwaka 2024 wavuvi na wakulima wa hapo waliandamana kupinga. Baadaye macho ya wapangaji yakageukia pia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Sijui kama kinu kitajengwa Kilifi, au Siaya, au kisijengwe popote, na wala si shabaha yangu kuamua hapa. Wapo wanaosema kwamba wananchi wale hawana elimu ya kuuliza maswali ya kitaalamu. Nimesoma walichokuwa wakiuliza: maji ya moto yatakayorudi baharini yatawafanya nini samaki, taka zitakaa wapi, na wao wenyewe watahamia wapi. Hayo ndiyo maswali ya kitaalamu. Ni yaleyale ambayo Okuma na Futaba hawakupata nafasi ya kuyauliza mapema, wala kuyauliza mpaka yajibiwe. Laiti ningepewa kiti kwenye kikao cha namna hiyo, kiti hicho ningempa mmoja wa wavuvi wa Uyombo, na ningemwomba aongeze swali moja juu ya hayo aliyonayo, alirudie kwa kila mhandisi, mmoja mmoja, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, na lisivukwe mpaka kila jibu liwe limeandikwa na jina la aliyelitoa likiwa kando yake: saa ambayo hakuna atakayekuwa amekiambia kitu, chombo hiki mmekiambia kifanye nini?